Kikapu cha Wote Kina Mwenyewe?

Mtu mmoja akiingia msituni peke yake, akaua ndege kupita hesabu aliyoruhusiwa, hujua moyoni mwake ya kuwa amekosa. Hana mwenzi wa kumsaidia kuichukua lawama. Lakini watu wanne wakienda pamoja, wakarudi na ndege kupita haki yao, mara nyingi hapatikani hata mmoja kati yao ajionaye kuwa mkosaji. Wa kwanza husema, «Nilipiga kwa ajili ya wenzangu.» Wa pili husema, «Mimi sikupiga.» Wa tatu husema, «Nilibeba tu.» Wa nne husema, «Nilinyamaza, maana mimi ni mgeni wao.» Basi ndege wamekufa, sheria imevunjwa, na mkosaji hayupo. Yafaa kuuliza: amekwenda wapi?

Swali hili si dogo katika nchi ya Maniema, ambako misitu na mbuga huwalisha watu wengi, na ambako kuwinda kwa ushirika ni desturi ya wazee tangu zamani. Tena si swali la wawindaji peke yao. Mwenye kulijibu vema atajua pia kujibu habari za sanduku la fedha la chama, za shamba la shule, na za kila kitu ambacho watu hukiita «chetu».

MFANO WA WAWINDAJI WANNE

Wawekwe wanaume wanne wa Kindu. Alfajiri wavuka mto Lualaba kwa mtumbwi, washuka ng'ambo ya Alunguli, wafuata njia ya miguu hata mashamba ya zamani yaliyoota magugu, mahali kanga wapendapo kuparura udongo asubuhi. Kila mmoja anayo bunduki yake ya marisau, na kila mmoja anacho kibali chake. Kwa ajili ya mfano tu, isemwe kwamba kibali chamruhusu kila mtu kuua kanga watano kwa siku, wala asiwe na zaidi ya kumi kwa jumla, wabichi pamoja na waliokaushwa kwa moshi.

Jua lifikapo utosini, wa kwanza, aliye hodari wa shabaha, amekwisha kupata watano wake. Wa pili anao watatu. Wa tatu anaye mmoja. Wa nne ni mzee. Macho yake yameingia ukungu, na kikapu chake ki kitupu.

Ndipo yule hodari amwambia mzee kwa heshima: «Baba, hesabu yetu sisi sote ni ishirini. Tumepata tisa; wamesalia kumi na mmoja. Kundi limeingia kichakani pale, halikwenda mbali. Turuhusu tu, mimi nitawapigia ninyi nyote. Haifai baba arudi mikono mitupu, na wajukuu wangoja mboga.»

Wa tatu aongeza: «Kweli, baba. Umoja ni nguvu.»

Mzee hajajibu bado. Na aachwe kidogo akifikiri, na msomaji afikiri pamoja naye. Maana katika maneno hayo machache yamefichwa maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: JE, HESABU HIYO YAFUNGA DHAMIRI?

Wako watu wasemao kwamba sheria ya uwindaji ni jambo la serikali tu. Ukikamatwa, lipa, usipokamatwa, mshukuru Mungu ule nyama yako. Neno hili si jipya, wala halikuanza na watu wajinga. Tangu karne ya 16 wanazuoni kadhaa wa elimu ya maadili walifundisha kwamba ziko sheria zimfungazo mtu katika dhamiri, na ziko nyingine zimfungazo kwa adhabu tu, yaani avunjaye hana dhambi, ila yampasa akubali kulipa faini atakapopatikana. Alfonso de Castro aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1550, na Francisco Suárez, Mjesuiti wa Hispania, akaliandikia kwa urefu mwaka 1612. Katika vitabu vya waliowafuata, mifano iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa ni hii: ushuru, kukata kuni, kuvua samaki, na kuwinda.

Lakini yafaa kuangalia sheria zile zilimlinda nani. Katika Ulaya ya siku zile misitu mingi ilikuwa mali ya wafalme na mabwana wakubwa. Sungura na kwale walilindwa ili bwana awinde kwa furaha yake, na maskini aliyekuwa na njaa alipigwa kwa kumtega mmoja. Si ajabu kwamba wanazuoni wenye huruma walisita kumwambia maskini yule kwamba amemkosea Mungu. Walipima sheria kwa shabaha yake.

Basi kipimo ndicho hicho, nacho chafaa hata leo. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotangazwa na yule aliyekabidhiwa kuwatunza watu. Iulizwe sasa: hesabu ya ndege katika kibali yamlinda nani? Kongo inayo Sheria ya uwindaji Na. 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na Sheria ya kuhifadhi maumbile Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Sheria ya 1982 yatenga wanyama wanaolindwa kabisa, wanaolindwa kwa sehemu, na wale wengine. Tausi wa Kongo, kwa mfano, ambaye mtaalamu James Chapin alimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1936, na ambaye makao yake ni misitu ya Kongo peke yake, huyo hulindwa kabisa: hesabu yake ni sifuri kwa kila mtu, tajiri na maskini. Hapa hakuna bwana mkubwa anayewekewa ndege wake. Anayelindwa ni ndege mwenyewe, na nyuma yake ni mtoto wa Maniema ambaye hajazaliwa bado, naye atahitaji mboga kama babu yake.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Ni kweli katika mambo mengi ya dunia. Lakini ndiyo maana sheria huwekwa: imsemee yule asiyekuwapo. Mtoto wa kesho hana mdomo katika mkutano wa wawindaji; hesabu iliyoandikwa katika kibali ndiyo mdomo wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yaweka heshima ya viumbe chini ya amri ya saba, ile ikatazayo wizi, nayo yataja waziwazi haki ya vizazi vijavyo. Kwa hiyo avunjaye hesabu ya namna hii hamwibii askari wa msitu. Amwibia mjukuu.

Atasema mtu: «Ndege mmoja akizidi, msitu hautaisha.» Ni kweli, hautaisha kwa huyo mmoja. Lakini jambo hili lilikwisha kujaribiwa duniani, na matokeo yake yajulikana. Katika Amerika ya Kaskazini, karne ya 19, walikuwako njiwa wa kuhama wengi hata kundi likipita lilifunika jua, na hesabu yao ilikuwa mamilioni ya maelfu. Watu waliwapiga bila kipimo chochote. Reli na simu za waya ziliwaongoza wawindaji mpaka mahali pa viota, na mabehewa yakachukua mapipa ya njiwa hata masoko ya New York na Chicago. Mwaka 1878, huko Petoskey katika jimbo la Michigan, palikuwa na mauaji makubwa ya namna hiyo. Kila mwindaji aliweza kuapa, bila kusema uongo, kwamba njiwa wake hawakuwa kitu mbele ya wingi ule. Njiwa wa mwisho, jike lililoitwa Martha, alikufa katika tundu la bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza vilevile.

Wala watu wa Kindu hawahitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Jina la Kasuku li midomoni mwa wote, maana ndilo jina la komini mojawapo ya mji wao. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Maniema walikamatwa kwa ulimbo miaka mingi, wakapelekwa kuuzwa mbali. Kwa miaka kadhaa Kongo iliruhusiwa kuuza nje kasuku 5,000 kwa mwaka, chini ya mapatano yaliyofanywa Washington mwaka 1973 na yaitwayo CITES. Hesabu ile ilipitwa. Kisha, katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, nchi za mapatano zilimweka kasuku katika daraja la juu la ulinzi, na tangu tarehe 2 Januari 2017 mapatano hayo yakataza biashara ya kimataifa ya kasuku waliotekwa mwituni. Mlango ukafungwa mbele ya wote, hata mbele ya yule aliyeshika hesabu yake kwa uaminifu. Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Lakini katika mambo ya ushirika, mara nyingine mmoja hula mbuzi na mwingine hulipa ng'ombe.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: sheria ya haki, iliyowekwa kwa manufaa ya wote, yafunga dhamiri, hata kama msituni hapana askari.

SWALI LA PILI: HESABU NI YA MTU AMA NI YA KUNDI?

Hapa ndipo penye hoja ya yule hodari, na haifai kuidharau, maana ina sura ya akili. Asema: wanne mara watano ni ishirini. Akipiga mmoja au wakipiga wanne, kanga waliokufa ni walewale ishirini. Msitu haujui kidole cha nani kilivuta.

Jibu la kwanza latoka katika maana ya hesabu yenyewe. Watano ni mpaka, si deni. Kibali hakisemi, «Kila mtu lazima apate watano.» Chasema, «Mtu asipite watano.» Awekaye mpaka ajua kwamba katika wawindaji wengi, hodari watajaza, wa katikati watapata nusu, na wengine watarudi bure, kwa hiyo aweza kuuweka mpaka juu kidogo bila kuliharibu kundi la ndege. Lakini hodari wakianza kujaza vikapu vya wote, mpaka umegeuka kuwa deni, na kila siku hulipwa lote. Ndege watapungua, ndipo mwenye kutunza atalazimika kuushusha mpaka, watano wawe watatu, watatu wawe mmoja. Na nani atakayeumia kwanza? Si hodari, maana yeye atapata sikuzote. Ni yule mzee, ambaye siku yake moja ya bahati ingempa watano, naye sasa atakatazwa kupita mmoja.

Jibu la pili latoka katika tabia ya watu. Ikikubaliwa kwamba hesabu ni ya kundi, kesho hodari hatatafuta wenzi wa kuwinda, bali atatafuta majina. Atamchukua mjomba wake mgonjwa, na mtoto wa jirani, na mpita njia, si kwa sababu awapenda, bali kwa sababu kila kichwa kina thamani ya kanga watano. Hivyo ushirika, ambao ni kitu chema, umefanywa kuwa chombo cha tamaa, na mtu amehesabiwa kama gunia.

Jibu la tatu ni kwamba kitu cha wote kisicho na mwenyewe hakina mlinzi. Wawindaji wanne wakitia ndege wote katika kikapu kimoja bila alama, hapana awezaye kusema baadaye nani alizidi. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimekataza jambo hili wazi. Katika Marekani, kwa ndege wahamao, kila mtu huhesabiwa peke yake, hata akiwinda na ndugu zake. Ndege wake akiwaacha mikononi mwa mwingine, yampasa awafungie kikaratasi chenye sahihi yake, mahali akaapo, idadi ya ndege kwa aina zao, na tarehe waliyouawa. Sheria hiyo haikudhani kwamba wawindaji wote ni wezi. Ilitaka kila ndege awe na mtu wa kumjibia.

Lakini pana tofauti moja ya kuangaliwa, ili neno lisipite kiasi. Sheria ya Kongo ya 1982 inajua vibali vya namna nyingi, na mojawapo ni kibali cha pamoja kwa ajili ya wanakijiji. Kikitolewa kibali cha namna hiyo, kikasema kundi zima laweza kuua kadha wa kadha, basi hesabu ni ya kundi kweli, na hodari aweza kupiga kwa ajili ya wengine bila kosa, maana aliyeweka mpaka amekwisha kulifikiri jambo hilo, akauweka mpaka kwa kundi tangu mwanzo. Kosa halimo katika kupiga kwa ajili ya mwingine. Limo katika kutengeneza kibali cha pamoja kwa kushona vibali vinne vya mtu mmoja mmoja. Msomaji wa Kitabu cha Kutoka atakumbuka kwamba mana iliokotwa kipimo kimoja kwa kila kichwa, na mwenye hema aliwaokotea wote waliokuwa hemani mwake. Aliwaokotea kwa sababu agizo lenyewe lilimruhusu. Tena mana ilirudi kila asubuhi yenyewe. Kanga yampasa atage, aatamie, na kuwalea makinda.

SWALI LA TATU: HESABU YAISHIA WAPI?

Wengine hudhani kwamba mwindaji akifika mlangoni kwake, hesabu imekwisha. Lakini vibali vingi duniani vina hesabu mbili: ya kuua kwa siku, na ya kuwa nao. Marekani, katika misimu ya karibuni, mtu aweza kuua hua 15 kwa siku, wala asiwe nao zaidi ya 45, wa siku zote pamoja. Hesabu ya pili yamfuata mtu mpaka jikoni.

Kwa nini? Kwa sababu mtu aulaye alichokipata hufika mahali akashiba, na shibe ni mpaka wa asili. Lakini mtu akaushaye na kuweka, hana shibe. Yule hodari wa mfano anao kanga sita wa juma lililopita juu ya uchaga wa jikoni, wamekauka kwa moshi. Akiongeza watano wa leo, anao kumi na mmoja. Hakuvunja hesabu ya leo wala ya siku zile. Lakini amevunja hesabu ya kuwa nao, na aonyesha kwamba hawindi tena kwa ajili ya chungu chake. Amekuwa mfanya biashara bila kusema neno hilo.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, chasimulia habari inayolingana kabisa na jambo hili. Waisraeli jangwani walichoka na mana, wakatamani nyama. Upepo ukawaletea kware toka baharini, wakaanguka kandokando ya kambi. Watu wakasimama mchana kutwa, usiku kucha, na siku ya pili yake yote, wakikusanya. Hata aliyepata kidogo alipata homeri kumi, naye akawaanika pande zote za kambi. Haikusemwa kwamba kula kware ni dhambi. Mungu mwenyewe aliwapeleka. Lakini mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa, maana hapo walizikwa waliotamani. Watu walewale walikuwa wamefundishwa kuokota mana kwa kipimo, wala wasiiweke hata asubuhi. Walipoona ndege, walisahau kipimo.

Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yaagiza kwamba mtu akikuta kiota chenye makinda au mayai, na mama amewaatamia, asimtwae mama pamoja na watoto. Aweza kutwaa makinda, lakini mama amwache aende. Agizo hilo ni fupi, lakini ndani yake imo hekima yote ya uwindaji: chukua kile kinachokupasa, uache kile kinachozaa.

MASINGIZIO YA WATU

«Tuna njaa.» Hili si singizio sikuzote, mara nyingine ni kweli tupu, nalo lapaswa kuheshimiwa. Mtakatifu Thomas alifundisha kwamba mtu aliye katika shida ya mwisho, asiye na njia nyingine, akichukua cha kumponya roho yake, hafanyi wizi. Lakini shida ya namna hiyo ina dalili zake. Mwenye njaa hutafuta chakula cha leo, hapangi bei ya kesho. Mtu aliyekwisha kuweka watano kikapuni na sita juu ya uchaga, akitamka neno njaa, aliazima neno la maskini.

«Wakubwa huua mamia, wala hawaulizwi.» Ikiwa ni kweli, ni dhuluma, na wenye mamlaka watatoa hesabu yao mbele ya Mungu na mbele ya watu. Lakini kosa la mkubwa halimjazii mdogo haki. Jirani akichoma pori lote, si ruhusa kwa mwingine kuchoma nyumba iliyobaki.

«Hatuijui sheria.» Asiyeweza kujua hana hatia. Lakini ziko namna mbili za kutojua: ya yule asiyepata wa kumwambia, na ya yule apitaye mbali na ofisi ya mazingira asije akaambiwa. Tena si lazima mtu ajue Kifaransa cha sheria ili ajue kwamba kundi la kanga waliolala juu ya mti mmoja, wakimulikwa kwa taa usiku, laweza kumalizwa lote, na kwamba mwaka ujao mti ule utakuwa kimya.

Wazee wa Maniema hawakuhitaji karatasi ili wajue jambo hili. Kwa Warega, nyama ya kakakuona haikugawanywa ovyo; utaratibu mkali wa Bwami ulitawala kila fungu na kila mpokeaji. Mnyama mmoja angeweza kuwaleta pamoja au kuwagombanisha, kwa hiyo kanuni ilitangulia chakula. Wawindaji wa leo wenye kuafikiana juu ya hesabu kabla ya kuvuka mto hawaigi Wazungu. Wafuata babu zao.

NJIA ZA KUSHIRIKI KOSA LA MWINGINE

Katekisimu za zamani ziliwafundisha watoto njia tisa za kushiriki dhambi ya mwingine: kushauri, kuamuru, kukubali, kuchochea, kusifu, kuficha, kugawana, kunyamaza, na kutetea. Yafaa kuzitembeza njia hizo msituni. Asemaye «Piga tu» ameshauri. Ashangiliaye kila kanga aangukapo, baada ya wa tano, amesifu. Achukuaye wawili wa mwenziwe katika kikapu chake ili wasihesabiwe, ameficha. Alaye akijua, amegawana. Na aliyekuwa na umri na heshima ya kusema, asiseme, amenyamaza. Basi lile swali la mwanzo limepata jibu. Mkosaji hakupotea. Amegawanyika sehemu nne, na kila sehemu imekwenda nyumbani na mtu wake.

MASHAURI KWA WAWINDAJI WA PAMOJA

Kwanza, kabla ya kuondoka, vibali visomwe kwa sauti, na kila mtu ajue hesabu yake na ya mwenzake. Atakayefika mpaka wake, aiondoe risasi bundukini. Aweza bado kufukuza ndege, kubeba maji, na kumwonyesha mwenzake.

Pili, kila mtu awe na kikapu chake, au amfunge ndege wake uzi wa rangi yake. Ndege asiingie kikapuni kabla hajapata mwenyewe.

Tatu, marisau ya wawili yakimpata ndege mmoja, ahesabiwe mara moja, kwa yule waliyepatana kwamba ndiye aliyetangulia, lakini ahesabiwe. Pasiwe na ndege wa hewani asiye wa mtu. Na ndege aliyejeruhiwa akapotea majanini, mwindaji mwema humhesabu katika watano wake, maana kwa kundi amekwisha kufa.

Nne, arudipo nyumbani, ahesabu kwanza waliopo juu ya uchaga, ndipo aseme kesho atakwenda au hatakwenda.

JIBU LA MZEE

Sasa mzee ameisha kufikiri. Amwambia yule hodari: «Mwanangu, umenihurumia, na Mungu akubariki. Lakini angalia huruma yako yatoka wapi. Ukinipigia watano kichakani pale, wewe utarudi na watano wako wote, hukupungukiwa hata na unyoya. Kanga ndio watakaokuwa wamenipa, si wewe. Ukitaka kunipa, nipe katika wako.»

Maneno hayo si matamu kusikia. Kijana ayapima moyoni. Kuua kumi na mmoja zaidi kwa ajili ya wengine kulikuwa rahisi kwake. Kutoa wawili tu katika watano wake kwamwuma. Hapo ndipo tofauti ya ukarimu na tamaa huonekana: ukarimu hupunguza cha mwenyewe, tamaa hupunguza cha wasiokuwapo, kisha hujiita ukarimu. Tena akumbuka wale sita walio nyumbani.

Isemwe kwamba ametoa. Amtolea mzee wawili na wa tatu mmoja, mchana kweupe, mbele ya wote. Wavuka Lualaba jioni na kanga tisa, si ishirini. Hao tisa wana wenyewe, na kila mwenyewe aweza kusimama mbele ya askari, mbele ya jirani, na mbele ya Mungu, akafunua kikapu chake. Ng'ambo, katika kichaka cha mashamba ya zamani, kundi larukia mti wake kulala.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Kwa nini hesabu ya kibali ni mpaka, si deni?
2. Pana tofauti gani kati ya kumpa mwenzako ndege wako, na kumpigia ndege kwa jina lake?
3. Kati ya njia tisa za kushiriki kosa la mwingine, ni ipi iliyo rahisi kuliko zote kwa mtu mwenye heshima?
4. Katika chama chako, au shuleni kwako, ni kitu gani kiitwacho «chetu» ambacho hakuna anayekihesabu?